Mkasi wa Mashoto

Siku ya kumi na tisa kazini
niliamka kabla ya saa, nikajifunza kusema
mbele ya kioo cha bafuni, mswaki mdomoni:
Bwana Žnidar, nimepata pengine.
Povu likadondoka. Maneno yakabaki.

Nje, Maribor imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Mto Drava hauonekani, unasikika tu
kama mtu anayewaza katika chumba cha pili.
Nilivuka daraja kwa miguu ingawa basi lilikuwapo.
Nilitaka njia iwe ndefu.
Haikuwa.

Simu ilitoka Graz, Jumanne,
sauti ya mwanamke mwenye adabu ya haraka:
mshahara mara mbili kasoro kidogo,
nauli ya treni juu yao, bima ya meno,
na viti vya jumba la opera, mahameli nyekundu,
mia sita na kumi, vyote vinangoja sindano.
Nikasema, nipeni siku mbili nifikiri.
Uongo. Nilishakubali pale kwenye meno.

Wasemao heri kenda shika kuliko kumi nenda uje
hawakuwahi kuihesabu kenda yenyewe
mezani, usiku, kando ya bili ya gesi,
wakakuta ni saba na nusu.

Lakini karakana hii, na harufu yake ya gundi na manyoya ya farasi!
Saa sita Bwana Žnidar hupasha supu ya maboga,
huimimina katika vikombe viwili bila kuuliza.
Wiki ya kwanza alinitazama nikikata kitambaa,
mkono wangu wa kushoto ukipigana na mkasi wa watu wa kulia.
Hakusema kitu.
Wiki ya pili ikaja bahasha nzito kutoka Ujerumani:
mkasi wa mashoto,
makali yamegeuzwa kama nilivyogeuzwa mimi.
Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja
kitambaa kilinitii.

Deni gani hili, lisilo na risiti?

Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya sofa ya daktari,
misumari mitano midogo midomoni.
Nilianzia kwenye hali ya hewa, nikapitia kwa mama yangu,
nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia,
mwishowe nikataga.
Akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.
"Ijumaa au Jumatatu?"
"Ijumaa."
"Basi tumalize kiti cha Bibi Hribernik."

Hasira ningeishukuru.

Ijumaa jioni nikabandua jina langu kabatini,
Neža, kwa mwandiko wake wa mviringo.
Chini yake palikuwa na jina: Tilen.
Chini ya Tilen, Jasna. Chini ya Jasna
herufi mbili tu, nyingine zimeng'oka na rangi.
Tumepangana pale kama vitambaa vya kiti kizee
ambacho kila fundi hukifunika bila kufumua cha jana.
Nikacheka, kisha sikucheka.
Nilijidhani msaliti wa pekee.
Kumbe ni tabaka.

Mkasi niliupaka mafuta, nikauweka mezani,
nikafunga koti langu taratibu, kifungo kwa kifungo,
nikimpa nafasi ya kusema: chukua.
Hakusema. Aliutundika ukutani, kwenye msumari
kati ya aproni ya mtu mrefu kupita kiasi
na miwani ya kioo kinene, ya jicho moja,
vitu nilivyovipita siku kumi na tisa
nikidhani ni vikorokoro vya duka.

Graz ni mji mzuri. Opera ina joto.
Siku ya kwanza walinipa mkasi mpya, unang'aa,
wa kulia. Nikasema asante.
Mshahara huingia tarehe yake.
Jino la nyuma limezibwa, haliumi tena.
Kidole gumba kimeanza sugu.